Darasa Limehamia Jikoni Kwangu

Jumapili, 4 Machi 1973

Mikono bado inanuka majani ya chai. Nimeiosha mara mbili. Binti yangu Kerubo amelala na viatu, chaki kwenye nywele. Hajala. Mtu wa miaka ishirini na minne, na bado namfuata na bakuli kama mtoto.

Darasa leo lilijaa. Sikutarajia. Nilienda mapema nikakaa benchi la mbele ili lisionekane tupu, kama nifanyavyo kila Jumapili. Kumbe wanawake wamekuja mpaka wengine wakakalia vikapu. Wasabato kwa Wakatoliki. Kila mmoja anataka Kiswahili cha kwenda nacho Kisii. Ukiingia ofisi za Kisii bila Kiswahili, karani anakuongelesha kama umekanyaga mboga zake. Hospitalini ni hivyo hivyo. Mtoto anaungua homa na wewe unaonyesha kwa vidole.

Mimi Kiswahili nilikiokota Kericho, Baba Kerubo alipokuwa akichuma chai kule. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini kambini tulikuwa makabila yote na mfereji mmoja, na asiye na Kiswahili aliteka maji wa mwisho. Nilijifunza upesi.

Kerubo anafundisha watoto shuleni siku za kazi, na watu wazima Jumapili na Jumatano jioni. Amesema kila mwanafunzi wake aandike nyumbani, chochote, kwa Kiswahili, na hatasoma. Basi naandika. Baba Kerubo husoma Biblia ya Kikisii tu, kwa hiyo hapa niko salama. Nitasema ninavyoona.

Naona hivi. Mzee Onchari ni bure kabisa. Yeye ndiye mwenyekiti wa kituo cha kupimia majani, na darasa linafanyika pale kituoni, na ufunguo anao yeye, kwa hiyo anadhani hata chaki ni yake. Anakalia kiti cha karani, mguu juu ya mguu. Zamani alikuwa nyapara kwa Wazungu huko Sotik. Kiswahili chake ni cha nyapara. Lete. Peleka. Toka. Wewe. Cha kufukuzia mbwa. Mtu mzima, mvi kichwani, na hajui hata kuuliza mwenzake ameamkaje.

Na mwana wa huyu ndiye anayemtaka binti yangu. Mungu naye ana mzaha.

Jumatano, 7 Machi

Sijui kama Kerubo anafundisha au anacheza. Naandika tu, sitamwambia.

Alikata makaratasi ya pakiti za sukari, akaandika neno moja kila karatasi, akayamwaga juu ya ile meza tunayochambulia majani kabla ya kupima. Akasema: chambueni. Basi. Hakusema vipi. Wanawake wakacheka. Moraa jirani yangu, ambaye mdomo wake hauna likizo, akaweka kiti pamoja na meza kwa sababu vyote ni vya nyumbani. Kerubo hakusema ndiyo wala hapana. Akaanza kusema polepole: kiti kimevunjika. Kikombe kimevunjika. Meza imevunjika. Mnasikia nini?

Wakatazama makaratasi. Nikasema moyoni, mwambie tu, mwanangu, watu wana ng'ombe wa kukamua.

Halafu Moraa akanyoosha mkono, akamtoa kiti kwa meza, akampeleka kwa kikombe.

"Huyu si wa hapa. Huyu anatembea na yule."

"Umejuaje?"

"Si nimewasikia!"

Kerubo akawauliza, nyumbani kiti mnakiitaje? Ekerogo, wakasema wote. Vikiwa vingi? Ebirogo. Na nani aliwafundisha? Wakatazamana. Hakuna aliyefundishwa. Moraa akapiga mapaja akasema kumbe alikuwa nayo tangu kuzaliwa na hakuna aliyemwambia. Wakaanza kuchambua wote kwa fujo, kama siku ya majani mengi, huyu anamnyang'anya yule. Nikaona macho ya binti yangu. Sijui macho hayo ameyatoa wapi. Baba yake hana.

Ndipo Onchari akasimama.

"Mwalimu! Kama unajua, sema. Kama hujui, kaa chini. Sheria ziko ngapi? Zitaje tukariri twende nyumbani."

"Tutazitafuta pamoja, Mzee."

"Kwani zimepotea?"

Watu wakacheka. Wale wanaume wawili wanaomfuata kila mahali walicheka kuliko wote, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao. Hata mimi kicheko kilinifika kooni, nikakimeza. Nilimchukia zaidi kwa kuwa ni kweli ilichekesha.

Jumamosi, 10 Machi

Sabato. Onchari aliomba kwa sauti kubwa kuliko mchungaji. Alimwambia Mungu lete mvua, ondoa magonjwa. Lete, ondoa. Hata Mungu ni kibarua wake.

Jumatatu, 12 Machi

Nyakundi amekuja. Ndiye esigani, mtu wa kati anayetumwa na upande wa mvulana kuja kutazama nyumba ya msichana. Nilijua atakuja, lakini nilipomwona langoni na kofia yake nikaangusha sufuria. Alikalishwa, akanywa chai, akauliza maswali yake huku akitazama paa. Baba Kerubo akajibu kwa maneno machache kama kawaida yake, kana kwamba maneno yanauzwa dukani. Mazungumzo yameanza.

Kijana mwenyewe ni Momanyi, anauza misumari na mabati katika duka moja Kisii mjini. Nywele zinang'aa mafuta. Ukimwuliza jambo lolote anajibu baba amesema. Kerubo anampenda. Nimemwangalia kijana mbele na nyuma na sijaona anapenda wapi. Lakini ni mpole, hilo namkubalia, na hanywi. Na Kerubo ana miaka ishirini na minne. Wenzake wana watoto wa kwenda shule. Mimi usiku silali kwa ajili hiyo.

Sasa Onchari ni mkwe. Haijalishi kwamba ng'ombe hawajaja. Esigani akishakunywa chai, heshima imeingia, ile tunayoita chinsoni. Baba mkwe hagusi mkono wa mke wa mwanawe. Haingii anamolala, hata mvua ya mawe ikinyesha. Na kati yao hakutajwi mambo ya kulala wala kitanda. Ukitaja ni aibu ya kulipiwa kondoo.

Nimekaa nikifikiri. Hakuna siku mtu alinikalisha chini akanihesabia haya. Nilikuwa mtoto, nikaona mama yangu ananyamaza babu akipita. Nikaona ni nani anampisha nani njiani. Nikajua. Labda ndicho Kerubo anachofanya na makaratasi yake ya sukari. Labda si mchezo.

Nimemwambia awe mwangalifu na yule mzee darasani. Akasema ndiyo, Mama. Hakusikia. Alikuwa anakata makaratasi.

Jumatano, 14 Machi

Ole wangu.

Nitaandika kwa mpangilio.

Kerubo aliwakalisha wawili wawili, kila wawili na rundo la makaratasi. Mmoja anauliza kitu kiko wapi, mwingine anajibu, na wenyewe watafute neno linabadilika lini na kwa nini. Mimi nilikuwa na Moraa. Wale wanaume wawili wakakaa pamoja. Onchari akabaki peke yake kwenye kiti cha karani kama jiwe la mpaka. Hakuna aliyetaka kukaa naye, na nani angetaka?

Kerubo akavuta kibao, akakaa mbele yake.

Binti huyu akiwa kazini hasikii. Nyumba ikishika moto atauliza moshi una harufu gani. Akaanza: Mzee, kikombe chako kiko wapi? Na yule mzee, wallahi, akafikiri. Akasema iko, akasita, akatikisa kichwa mwenyewe, akasema kiko mezani. Hakuambiwa. Akatabasamu. Sijawahi kuona meno yake. Kerubo akachukua karatasi nyingine, meza, akajibu vizuri. Nyingine, viatu, akajibu vizuri tena, na sasa wanakwenda haraka, wote wawili wamesahau kila kitu duniani, na Kerubo akavuta karatasi ya juu akaisoma kabla hajaitazama.

"Na kitanda chako, Mzee, kiko wapi?"

Nililiona neno likitoka. Sikuwahi kulizuia.

Moraa akafunika uso kwa leso. Kerubo akabaki na karatasi hewani, na nikaona uso wake unasawijika taratibu. Onchari akainuka. Akatoka, na alipofika mlangoni akageuka akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Toka! Wote, toka!" Tulipotoka wote akafunga. Akaenda na ufunguo.

Kerubo hajalia. Amekaa nyuma ya moto, amekumbatia magoti.

Alhamisi, 15 Machi

Kijiji chote cha Manga kinajua. Kuna mtu ameshaongeza kwamba alimwuliza analala na nani. Watu wa huku wana kazi?

Baba Kerubo amefanya inavyopasa. Amempeleka kondoo, yule mweupe wangu mnene, hakuchagua mwembamba. Onchari alimpokea kwa mikono miwili. Aibu haikumzuia mikono. Na kondoo akishapokelewa, jambo limekwisha. Hiyo ndiyo desturi, hakuna asiyeijua. Nimelala nikiwa mwepesi kidogo.

Ijumaa, 16 Machi

Halijakwisha.

Nyakundi amerudi, safari hii bila kutazama paa. Onchari anasema ndoa iendelee, ila Kerubo aache kufundisha watu wazima. Watoto shuleni sawa. Watu wazima hapana. Msichana anayemhoji mkwe wake mbele ya watu hajalelewa. Kituo kitabaki kimefungwa. Akikataa, mazungumzo yafe.

Hajalelewa. Amenilia kondoo, akanitukana na mifupa yake mdomoni.

Momanyi alikuja baadaye na baiskeli, akasimama shambani kwenye kahawa, hakuingia. Kerubo akamfuata. Nilikuwa karibu, natafuta kuni ambazo sikuzihitaji. Kijana akasema baba amesema. Kerubo akamwuliza, na wewe unasemaje? Akatazama gurudumu lake. Akasema, mimi nitasemaje na baba ameshasema?

Mungu nisamehe, nilitamani baiskeli ile imwangukie.

Jumapili, 18 Machi

Mvua nyembamba. Tulienda kituoni. Kufuli. Wanawake wakasimama na mifuko ya plastiki kichwani, wakingoja kama Onchari ataona haya. Onchari na haya wapi na wapi. Walipolowa vya kutosha wakaondoka mmoja mmoja. Moraa alilitukana kufuli.

Nyumbani nilimwambia Kerubo aache darasa. Nimesema nitaandika ninavyoona, basi naandika na hili. Nilimwambia ni benchi na makaratasi tu, mume hapatikani kila siku. Nilimwambia mimi nitazeeka. Nilisema mengi, mama mwenye hofu hana breki.

Alikuwa anaosha sufuria. Akasema: "Mama, nampenda Momanyi. Lakini nikiacha hili kwa sababu baba yake amekohoa, kesho atakohoa tena."

Akaendelea kuosha. Sauti haikupanda hata kidogo. Kesho Nyakundi akipita atampa jibu, na jibu ni hapana, haachi darasa.

Siwezi kula.

Jumatatu, 19 Machi

Nilimwambia Nyakundi Kerubo ana homa, aje kesho. Uongo. Nilitaka siku moja.

Huyu Nyakundi ukimpa ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando anafunguka. Akaniambia jambo. Kabla ya mambo haya yote, Onchari aliitwa Kisii kwenye mkutano wa wenyeviti wa vituo vyote na wakubwa wa chai, na wakubwa wenyewe si Wakisii, mazungumzo ni kwa Kiswahili. Alisimama aombe lori lije mapema kwa sababu majani yetu yanaoza. Kilichotoka kinywani ni lete lori, wewe! Kwa mkubwa aliyevaa suti. Ukumbi ukacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Akakaa. Hakusema tena siku ile. Ndiyo sababu alianza kuja darasani na kujifanya analinda kiti.

Nikamhurumia. Kama muda wa kumenya ndizi. Halafu nikamkumbuka kondoo wangu.

Lakini sasa najua. Alikuja kutafuta maneno ya kuuliza. Alikuwa ameyapata kwa mkono wa binti yangu, akatabasamu, na lile neno moja likamwaibisha pale pale. Angekuwa mtu angesema tu nimeaibika. Yeye anafunga mlango.

Jumanne, 20 Machi

Jambo limenijia nikichuma.

Anasema ameaibishwa kwa sababu yeye ni mkwe. Sawa. Basi awe mkwe mpaka mwisho.

Kerubo analala jikoni kwangu, nyuma ya kile kizuizi cha mianzi. Kitanda chake kiko humo. Baba mkwe haingii humo. Haingii, hachungulii, hasimami mlangoni. Akiingia, basi yeye si mkwe, na kama si mkwe hakuna aibu iliyotendeka, na nitamtaka anirudishie kondoo wangu akiwa hai.

Nyakundi alipokuja nilimwambia hivi: "Bwana Nyakundi, mwambie mkwe wetu Kerubo amekubali ndoa na hajakubali masharti. Darasa limehama kituoni. Liko jikoni kwangu, kesho, baada ya majani. Kama ana neno, aingie aseme."

Nyakundi alifikiri kwanza. Nilimwona akielewa. Akashika nguzo ya mlango akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mama Kerubo, wewe ni mtu mbaya."

Baba Kerubo alipinda kona ya Biblia yake, akaniambia natafuta vita. Nikamwambia natafuta benchi. Alitoka. Baadaye nikasikia msumeno.

Nikikosea hapa, nimemharibia binti yangu ndoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumatano, 21 Machi

Walikuja. Zaidi ya kituoni. Walikaa kwenye benchi la Baba Kerubo, kwenye kuni, kwenye magunia, Moraa kwenye kinu. Kuku walitolewa wakarudi. Moshi ukatutoa machozi wote.

Hapakuwa na makaratasi ya kutosha, Kerubo akatumia jiko lenyewe. Chungu, kisu, mwiko, kuni, moto, maji. Shikeni mchambue. Wakabishana kuhusu maji, yanatembea na nani. Moraa akasema yapo peke yake kama mchawi. Mwingine akasema hapana, na mafuta je? Na maziwa? Maziwa yamemwagika, maji yamemwagika, mafuta yamemwagika! Moraa akaruka kutoka kwenye kinu. "Vinavyomwagika!" Kerubo hakumwambia ndiyo. Akainua jiwe la jikoni akauliza, na mawe? Mawe yameanguka. Moraa akakaa tena, akasema ngoja. Ngoja kwanza. Usiniambie.

Usiniambie. Mwanamke ambaye hajawahi kungoja chochote maishani mwake.

Nilikuwa nafikicha macho. Moshi.

Jumapili, 25 Machi

Onchari amepita barabarani nje ya boma letu. Akarudi. Akapita tena. Fimbo kwapani, kana kwamba ana safari. Barabara hii inaishia kwetu na kwa Moraa, safari gani? Alipofika kwenye lango alikohoa kile kikohozi chake cha uenyekiti. Tukasikia wote. Ndani hakuna aliyegeuka. Kerubo akapoteza sauti kidogo, akaipata.

Hakuingia.

Nilikaa karibu na mlango na mwiko mkononi. Sijui ningefanya nini nao.

Jumatano, 28 Machi

Mvua kubwa, ya masika yenyewe. Onchari ilimkuta hapo nje akipiga doria yake ya kijinga. Mwanamume mwenye akili angekimbilia nyumba kubwa kwa Baba Kerubo. Yeye akajibanza chini ya paa la jikoni, upande wa nje, akakalia gogo la kupasulia kuni, mgongo kwa ukuta. Kati yetu na yeye ni udongo tu. Desturi inaruhusu. Mkwe akiwa nyuma ya ukuta anaweza kuongea na kuongeleshwa, ilmradi macho yasikutane.

Darasa likaendelea, wakiulizana kwa zamu, kila mtu anaulizwa na jirani yake. Zamu ikafika kwa Moraa aliyekaa pembeni kabisa, hana jirani. Shetani akamwingia. Akaugeukia ukuta.

"Na wewe uliye nje, fimbo yako iko wapi?"

Mvua tu. Nikafunga macho.

"Ki... kiko mkononi," ukuta ukasema.

Si sawa. Kila mtu jikoni alijua si sawa. Wote wakamtazama Kerubo. Nami nikaona ugumu wake. Huyo ni baba mkwe. Hawezi kumsahihisha. Msichana hasemi hapana kwa mkwe wake, hata nyuma ya ukuta, hata kwa jambo dogo.

Lakini yeye hajawahi kumsahihisha mtu! Hiyo ndiyo kazi yake yote, kutosema. Akachukua mwiko wangu, akamwuliza Moraa, mwiko uko wapi? Halafu akamwuliza mwingine kisu kiko wapi. Halafu nguo iko wapi. Polepole, sauti ya kutosha kupita udongo. Hakumtazama mtu wala ukuta.

Tukangoja.

"Iko," ukuta ukasema. "Fimbo iko mkononi. Iko."

Hakuna aliyepiga makofi. Moraa aliuma leso.

Mvua ilipopungua akaondoka bila kuaga, kama nguruwe.

Jumapili, 1 Aprili

Nyakundi amekuja na Momanyi. Ng'ombe wataletwa wiki ijayo. Masharti je, nikauliza. Masharti yapi, akasema Nyakundi, akitazama paa. Basi hivyo ndivyo wanaume wanavyorudisha maneno yao, wanajifanya hawakuyatoa. Sikubishana. Kufuli la kituo bado liko pale, na ufunguo sikuuomba. Jiko linatosha.

Momanyi alimwambia Kerubo mbele yangu kwamba wakioana atamtengenezea njia ya kukatia bondeni, ili afike hapa Jumapili na Jumatano bila kuzunguka. Nikangoja aseme baba amesema. Hakusema. Nilimpa kikombe cha pili.

Jumatano, 11 Aprili

Ng'ombe wako hapa. Wamefungwa karibu na migomba. Wamekonda, Onchari hangetoa wanono, na mmoja pembe moja imevunjika. Baba Kerubo anasema ana maziwa. Tutaona.

Darasa limekwisha mapema leo kwa sababu ya matope. Kerubo amelala. Nimefagia jikoni, nimerudisha vyungu mahali pake. Nje kuna ukungu, bonde halionekani. Nimemkatia yule wa pembe moja majani ya mgomba. Anakula polepole, kisha anainua kichwa, kisha anakula tena.